Wamanghit wa Bukhara: kwa nini waliitwa maamiri, si makhan?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Jina la Bukhara tumelizoea tangu chuoni kwa sababu ya Imamu Bukhari. Juzi nikawa nasoma habari za mji wenyewe, ulioko Asia ya Kati katika Uzbekistani ya leo, nikakuta kwamba watawala wake wa mwisho, hadi 1920, walikuwa Wauzbeki. Kitabu kingine kinasema walikuwa Wamongolia. Lipi ni sahihi? Na kwa nini walijiita amiri, ilhali majirani zao wa Khiva na Kokand walijiita khan?"

Marahaba. Vitabu vyako vyote viwili vimesema kweli, ila kila kimoja kimesimama mahali pake. Ukoo unaouulizia ni wa kabila la Manghit. Kabila hilo lilitoka Mongolia, na wapiganaji wake walikuwa pamoja na Chingis Khan tangu alipokuwa anaunganisha makabila ya huko. Wakafuatana na majeshi ya wanawe kuelekea magharibi, wakakaa kwenye nyika za mto Volga na kaskazini ya bahari ya Aral, wakaoana na Waturuki waliowakuta, wakaacha Kimongolia na kushika Kituruki, na hatimaye wakasilimu. Walipoitwaa Bukhara katika karne ya 18 walikuwa wameshakuwa Wauzbeki kwa muda mrefu. Umongolia wao ulikuwa wa nasaba na jina la kabila.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Wamanghit walikuwa na damu ya Kimongolia, lakini hawakuwa na ile iliyohitajika, na karibu kila jambo waliloifanyia Bukhara kwa miaka mia moja na zaidi linatokana na upungufu huo.

Chingis Khan alikufa mwaka 1227. Baada yake ikajengeka mila katika nyika zote za Asia ya Kati kwamba cheo cha khan, yaani mfalme, ni cha wazao wake kwa upande wa baba, basi. Fikiria usharifu huku kwetu pwani: mtu anaweza kuwa tajiri, mwanachuoni mkubwa, hata liwali, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomfanya kuwa sharifu. Ukhan ulikuwa hivyo. Hata Timur, ambaye kuanzia 1370 aliiteka nchi baada ya nchi toka Samarkand, hakuthubutu kujiita khan. Alikuwa wa kabila la Barlas, nalo pia la asili ya Kimongolia, ila hakuwa wa nyumba ya Chingis. Akamweka khan wa jina tu kwenye kiti, akaoa binti wa ukoo wenyewe, akaridhika na kuitwa amiri na mkwe wa wafalme. Manghit mmoja, Edigu, aliyekufa 1419, alifanya vivyo hivyo kwenye dola ya Wamongolia wa Volga: aliwapandisha makhan na kuwashusha apendavyo, na mwenyewe hakuwa khan hata siku moja.

Wauzbeki waliingia Bukhara wakiwa na makhan halali kabisa. Muhammad Shaybani, mzao wa Shiban mwana wa Jochi mwana wa Chingis, alishuka kutoka nyika za kaskazini na kuichukua Samarkand mwaka 1500, akiwafukuza wajukuu wa Timur. Kijana Babur, wa ukoo wa Timur, aliurudisha mji huo kwa muda mfupi, kisha akaupoteza. Mwishowe alielekea kusini, na mwaka 1526 akaanzisha India ile dola tunayoijua kwa jina la Mughal. Shaybani mwenyewe aliuawa karibu na Merv mwaka 1510 akipigana na Shah Ismail wa Uajemi. Wazao wa nyumba yake waliendelea kutawala hadi mwisho wa karne ya 16, na Abdullah Khan wa Pili, aliyekufa 1598, ndiye wa mwisho mwenye nguvu. Kisha kikaja kizazi kingine cha Jochi, wazao wa Tuqay Timur, ambao Warusi walikuwa wamewang'oa Astrakhan mwaka 1556. Hao nao walikuwa makhan kamili kwa nasaba. Sitakaa kwao sana, ingawa majengo mengi ambayo watalii wa leo huyapiga picha Bukhara na Samarkand ni ya wakati wao na wa Abdullah.

Kufikia mwanzo wa karne ya 18 khan wa Bukhara alikuwa amebaki na heshima bila mamlaka. Mwaka 1711 Ubaydullah Khan aliuawa na wakuu wake, akawekwa ndugu yake Abulfayz. Kila kabila la Kiuzbeki lilishika bonde lake: Wakenagas Shahrisabz, Wamanghit upande wa Qarshi, na wengineo kwingine. Kazi yenye nguvu hasa ilikuwa ile ya ataliq, yaani mlezi wa khan, ambaye kwa vitendo ndiye aliyekuwa waziri mkuu na mkuu wa majeshi. Cheo hicho kilikuwa mikononi mwa Manghit, Muhammad Hakim.

Mwaka 1740 Nadir Shah wa Uajemi akafika na jeshi kubwa lenye mizinga. Bukhara haikupigana. Abulfayz akabaki khan kwa hisani ya Nadir, na Muhammad Rahim, mwana wa ataliq, akaingia katika utumishi wa Nadir, akajifunza vita vya kisasa huko. Nadir alipouawa mwaka 1747, Rahim alikuwa na askari, uzoefu na hasira. Abulfayz akauawa mwaka huohuo. Rahim akaweka watoto wa ukoo wa khan mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1756 akachoka na maigizo: akaketishwa juu ya zulia jeupe la manyoya, wakuu wa makabila wakalishika pembe na kumwinua, kama walivyoinuliwa makhan tangu zama za Chingis. Akawa khan.

Kama mila ingekubali kuvunjwa kwa zulia, habari ingeishia hapo. Rahim alikufa 1758, miaka miwili tu baadaye, na ami yake Daniyal aliyemfuata hakuthubutu kuendelea na jina hilo. Alirudi kuwa ataliq, akatafuta mtu wa ukoo wa Chingis, Abulghazi, akamkalisha kwenye kiti. Ndiyo kusema Wamanghit walikuwa wameshaonja ukhan na kuutema. Makabila mengine yalikuwa yanawatazama, na kila mkuu wa kabila angeweza kuuliza: ikiwa Manghit anaweza kuwa khan, kwa nini si mimi?

Aliyepata njia ya kutokea ni Shah Murad, mwana wa Daniyal. Huyu kwangu ndiye mtu mwerevu kuliko wote katika ukoo ule, na pia wa kuogopwa kuliko wengi. Alikuwa mfuasi wa tarika ya Naqshbandi, ambayo imekitwa kwa Bahauddin Naqshband aliyezikwa nje kidogo ya Bukhara mwaka 1389. Inasimuliwa kwamba ujanani alivaa matambara kama fukara na kujidhalilisha sokoni ili kuivunja nafsi yake. Alipokuwa na mamlaka aliondoa kodi zisizo na msingi katika sharia, akarudisha mali za wakfu zilizokuwa zimeliwa, akazifufua madrasa. Wanachuoni na wachuuzi wakawa upande wake. Mwaka 1785 akamwondoa khan wa jina na hakuweka mwingine. Wala hakujiita khan. Alijiita amiri.

Neno lilikuwa lilelile la Timur, lakini maana aliyoikusudia ilikuwa nyingine. Timur alikuwa amiri chini ya khan, ijapokuwa khan wa sanamu. Shah Murad hakuwa chini ya yeyote. Alitaka watu wasikie ndani yake amiri wa Waumini, kiongozi ambaye haki yake ya kutawala inatokana na kuisimamisha sharia. Swali la nani mzao wa nani halikujibiwa, liliwekwa kando. Alichukua hadhari pia: alioa binti wa Abulfayz, na kwa mke huyo akamzaa Haydar, mrithi wake. Kwa hiyo kuanzia amiri wa pili, damu ya Chingis iliingia nyumbani kupitia mlango wa mama. Kupitia mama huyohuyo wakadai na usayyid, ndiyo maana majina yao rasmi huanza na "Sayyid". Masharifu wa Lamu wangeguna hapo, kwani nasaba hufuata baba, lakini Bukhara ilikubali.

Sasa tazama majirani, kwa kuwa umewataja. Khiva ilikuwa mikononi mwa kabila la Qongrat, nalo la jina la Kimongolia na lisilo la nyumba ya Chingis. Kwa miaka mingi wakuu wao walikuwa wakiwaalika vijana wa ukoo wa Chingis kutoka kwa Wakazakh, wanawakalisha kiti kwa muda na kuwarudisha. Mwaka 1804 Eltuzar akaachana na desturi hiyo, akajiita khan mwenyewe, akanyamaza. Kokand, bonde la Fergana, ilishikwa na kabila la Ming, na wao walitunga kisa: eti Babur alipokimbia alimwacha mtoto mchanga katika susu ya dhahabu, na watawala wa Kokand ni wazao wa mtoto huyo. Babur kwa baba ni wa Timur, kwa mama ni wa Chingis, basi kisa kimoja kinaleta nasaba mbili. Tatizo moja, majibu matatu. La Bukhara ndilo lililodai mengi zaidi kwa mtawala, maana aliyesema natawala kwa ajili ya dini alilazimika kuonyesha hivyo kila mwaka.

Shah Murad alionyesha kwa upanga. Mwishoni mwa miaka ya 1780 aliishambulia Merv, mji wa Waajemi wa madhehebu ya Shia, akaliharibu bwawa la mto Murghab lililokuwa likiyanywesha mashamba yake, na kuwahamishia Bukhara maelfu ya wakazi wake. Wakati huo ulikuwa na fatwa zilizowahesabu Washia kuwa nje ya Uislamu, na fatwa hizo zilikuwa na faida kubwa sokoni: Waturukmeni waliteka watu kwenye vijiji vya Uajemi na kuwauza kama watumwa Bukhara na Khiva. Ukoo uliojenga haki yake juu ya sharia uliishi kwa karibu karne moja na biashara hiyo. Nalisema kwa sababu waandishi wanaomsifu Shah Murad kwa uchaji wake mara nyingi huipita Merv kimyakimya.

Haydar, aliyetawala 1800 hadi 1826, alikuwa mwalimu zaidi ya amiri. Alisomesha wanafunzi ndani ya Ark, ile ngome ya Bukhara, huku makabila ya Khitai-Qipchaq yakiasi bonde la Zarafshan kuanzia 1821 kwa miaka kadhaa. Akafuatwa na wanawe wawili waliodumu miezi tu, kisha mwaka 1827 akaingia mwanawe mwingine, Nasrullah, akitokea Qarshi.

Huyu ndiye ambaye watu wake walimpa jina la amiri mchinjaji. Aliwaua ndugu zake na kuwapokonya nguvu wakuu wa makabila, akajenga jeshi la askari wa kulipwa wasiomtegemea mkuu wa kabila yeyote. Shahrisabz ya Wakenagas aliipiga tena na tena mpaka ikaanguka mwaka 1856. Ulaya humkumbuka kwa maofisa wawili Waingereza, Charles Stoddart na Arthur Conolly, aliowafunga katika shimo na kuwaua mwaka 1842. Ila mwaka huohuo alifanya jambo linaloonyesha zaidi jinsi mtambo wa babu yake ulivyofanya kazi. Madali, khan wa Kokand, alikuwa amemwoa mke wa marehemu baba yake. Wanachuoni wa Bukhara wakatoa hukumu kwamba amekufuru, Nasrullah akaivamia Kokand kwa hoja hiyo, akamuua Madali na pia mama yake, Nodira, ambaye alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kituruki na Kiajemi wa zama zake. Khan wa kizazi cha susu ya dhahabu aliangushwa kwa fatwa. Mwaka huohuo watu wa Kokand walimtimua gavana wa Nasrullah.

Kisha mtambo ukamgeukia mwenye mtambo. Muzaffar, mwana wa Nasrullah, alipoingia mwaka 1860, Warusi walikuwa wanashuka kutoka kaskazini. Waliichukua Tashkent mwaka 1865, wakalipiga jeshi la amiri pale Irjar mwaka 1866. Muzaffar alijua mizinga yake haitoshi na alitaka kuzungumza. Lakini angewezaje? Wanachuoni na wanafunzi wa madrasa walimdai jihadi, na yeye hakuwa na haki nyingine ya kukaa kwenye kiti zaidi ya ile aliyopewa na dini. Khan wa ukoo wa Chingis angeweza kufanya mapatano na kafiri akabaki khan. Amiri wa Waumini akifanya hivyo anabaki nini? Mwezi Aprili 1868 alitangaza vita. Mwezi Mei akashindwa nje ya Samarkand, na mji ukawafungulia Warusi milango. Mwezi Juni akashindwa tena Zirabulak. Akatia saini, akalipa fidia, akaipoteza Samarkand.

Kuipoteza Samarkand kulikuwa kubaya kuliko kunavyosikika, kwa sababu mto Zarafshan hupita Samarkand kwanza ndipo uteremke Bukhara. Aliyekaa juu anaweza kuyazuia maji, na mashamba ya chini yakakauka bila risasi kupigwa. Tangu siku hiyo amiri alitawala kwa maji ya Warusi.

Ajabu ni kwamba kushindwa huko kuliuimarisha ukoo. Mwana mkubwa wa Muzaffar, Abdulmalik, aliasi akisema baba ameisaliti dini, na makabila yakamuunga mkono. Waliomshinda ni askari wa Urusi, wakaichukua Qarshi na kumrudishia baba. Mwaka 1870 wakampa Shahrisabz, ile iliyomtesa Nasrullah muda wote. Mkataba wa 1873 uliamuru biashara ya watumwa ikomeshwe, na kwa vitendo Bukhara ikawa nchi iliyo chini ya himaya ya tsar, mfalme wa Urusi. Watu wa makabila ya Uzbeki hawakuwa na nguvu tena ya kumtisha amiri. Kwa hiyo ukoo uliotumia miaka mia kutafuta haki ya kutawala ulipata ulinzi usiouliza haki yoyote.

Abdulahad, 1885 hadi 1910, aliishi katika ulinzi huo kwa raha. Alikaa zaidi Karmana kuliko Bukhara, akatajirika kwa ngozi za wanakondoo wa karakul zilizouzwa Ulaya, akachangia ujenzi wa msikiti mkubwa wa St. Petersburg, na hata manowari moja ya Urusi ikapewa jina la Amiri wa Bukhara. Reli ilikuwa imefika mwaka 1888, lakini kituo kikajengwa kilomita kumi na kitu nje ya mji. Mwezi Januari 1910, mwaka wa kifo chake, Sunni na Shia walipigana mitaani Bukhara, na watu wengi wakafa. Wengi wa Washia hao walikuwa wazao wa wale waliohamishwa kutoka Merv na Shah Murad.

Mwanawe Alim Khan ndiye unayemwona katika picha maarufu ya rangi ya 1911, amevaa joho la buluu lenye maua. Usibabaishwe na "Khan" katika jina lake wala la baba yake. Wakati huo neno lilikuwa limeshashuka na kuwa la heshima tu mwishoni mwa jina. Cheo kilibaki amiri. Alisomeshwa katika shule ya kijeshi ya St. Petersburg, na bado aliporudi alitawala kwa kuwasikiliza wanachuoni wale wale. Baada ya tsar kuanguka mwaka 1917 alitangaza mageuzi, kisha siku zilezile akawageuka wanamageuzi. Mmoja wao, mwandishi Sadriddin Ayni, alichapwa viboko 75 gerezani. Mwanzoni mwa Septemba 1920, baada ya siku chache za mizinga na ndege, jeshi la Kisovieti la Mikhail Frunze liliingia Bukhara huku Ark ikiwaka moto. Alim alikimbilia milima ya mashariki, mwaka 1921 akavuka kuingia Afghanistan, na akafia Kabul mwaka 1944. Khiva ilikuwa imeangushwa miezi michache kabla ya Bukhara; Kokand ilifutwa na Urusi tangu 1876.

Kuhusu mkanganyiko wa vitabu vyako, sehemu kubwa yake ilitengenezwa mwaka 1924, Wasovieti walipoigawa Bukhara kati ya Uzbekistani, Turkmenistani na Tajikistani, na kila mtu akaandikwa taifa lake. Kabla ya hapo, raia wengi wa mji wenyewe walizungumza Kitajiki, barua za ofisi za amiri ziliandikwa kwa Kiajemi, na mtu wa kabila la Manghit alijitaja kwanza kwa kabila lake. Waandishi wa baadaye walilazimika kuchagua neno moja, na kila mmoja akachagua lake. Ukiandika insha, andika "Wauzbeki wa kabila la Manghit, la asili ya Kimongolia". Hakuna mwalimu atakayekukata alama. Na miaka nayo itakuchanganya: wanaoanza hesabu 1747 wanahesabu kifo cha Abulfayz, wanaoanza 1756 wanahesabu zulia la Rahim, na wanaoanza 1785 wanamhesabu Shah Murad. Kwa kuwa umeuliza habari za maamiri, tumia 1785.